Mutu ni Batu

Mara ya kwanza mashine iliponikatalia nilicheka. Nilidhani ni vidole vyangu vilivyokuwa bado na usingizi. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu juzi, betri ikaisha yenyewe, na asubuhi hiyo umeme uliporudi niliiwasha huku kikombe cha chai kiko mkononi. Kioo kikabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa Kifaransa ukinitaka niandike maneno ya kufungulia disque, diski ya ndani. Nikaandika. Ikakataa. Nikaweka kikombe chini, nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Hapo kicheko kikaniisha.

Mimi ni Mushiya. Babu yangu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na sisi wajukuu tumebaki na hiyo hiyo shaba. Ninapima mchanga katika maabara moja upande wa Kingamyambo, pale wanaposafisha upya mabaki ya zamani ili kutoa kobalti ambayo wazee waliitupa. Kazi yangu ilikuwa ya muda. Mkuu wa maabara alishaniambia bila kuficha: ukileta diploma mwaka huu nafasi ni yako, usipoileta anaingia mwingine. Na diploma haitoki mpaka utoe travail, ile tasnifu ya mwisho wa masomo. Siku ya mwisho ya kuitoa ilikuwa hiyo hiyo, kabla ya saa tisa mchana. Travail yote, pamoja na majedwali ya vipimo nilivyopima kwa mikono yangu mwaka mzima, ilikuwa ndani ya mashine hiyo iliyonigeuzia mgongo.

Najua utaniuliza kwa nini sikuweka nakala pengine. Usinianze. Nakala niliwahi kuweka, kwenye flashi, nikaipeleka kuchapisha sokoni, ikarudi na virusi vilivyogeuza kila faili kuwa mshale mtupu usiofunguka. Sura mbili zilikwenda na maji. Nililia mpaka mama akadhani kuna msiba. Tangu siku hiyo nilikata shauri: kazi yangu haitoki ndani ya mashine yangu mpaka siku ya kuitoa. Uamuzi wa mtu aliyeungua, na mtu aliyeungua hapimi sana.

Aliyeniokoa wakati ule ni Aruna, kaka yake Yasmine. Yasmine ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, kwao ni watu wa Kasongo, wafanyabiashara wa vitambaa na magari ya mizigo. Aruna alisomea kompyuta Dodoma, akarudi, sasa yuko mgodini Fungurume anatengeneza mitambo ya mawasiliano. Alikuja kwetu Jumapili moja, akafuta Windows yangu iliyooza, akaniwekea Linux. Akanieleza kwamba mfumo huo ni wa wazi, yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuona ulivyojengwa ndani, na watu wa dunia nzima wanaurekebisha na kugawiana bila kumwomba mtu ruhusa. Darasani kwetu walinicheka. Kitu cha bure, walisema, siku kitakapokugeuka utamshitaki nani? Nikawaacha na midomo yao. Mashine ambayo zamani ungeweza kuiwasha na kwenda kuchota maji ilikuwa sasa inawaka upesi. Ripoti za maabara niliziandika humo, majedwali humo, vitabu vya walimu nilivisoma humo, na virusi vya flashi za wenzangu vililala humo kama nzi waliokufa. Nilijivuna nayo, sitaficha.

Siku hiyo hiyo Aruna aliifunga disque kwa kufuli, kwa sababu mashine zinaibwa sana hapa na hakutaka mwizi asome mambo yangu. Aliandika maneno ya kufuli mwenyewe, mimi nikiwa nakaanga mandazi, kisha akaniambia:

"Phrase yako ni mutu ni batu. Unaiunganisha yote, lettres za kidogo, bila espace. Hautaisahau, ju ni vile hii Linux yenyewe inajengwa."

Kweli sikuisahau. Ila sikuwahi kuiandika. Kila siku nilikwenda na mashine kazini, ambako umeme haukosekani, na jioni nilifunga kifuniko tu bila kuizima. Kuamka kwake kulitaka neno fupi ninalolijua mwenyewe. Wiki hiyo nilichukua likizo ili nimalize kuandika, nikabaki nyumbani, na nyumbani ndipo umeme uliponifanyia hivyo.

Basi nikaandika mutunibatu. Nikaiandika na nafasi katikati. Nikaiandika na M kubwa. Kioo chenyewe hakikuonyeshi herufi, unaandika gizani, hujui hata kama umegusa. Nikajaribu kwa Kiluba cha mama yangu, muntu ni bantu, ingawa nilijua Aruna hajui Kiluba zaidi ya salamu. Mfa maji haachi kutapatapa. Kila mara ilifikiri kidogo, kisha ikaniuliza swali lile lile kwa adabu ile ile, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia wazimu.

Nikampigia Aruna. Simu ikalia mpaka ikachoka. Ndipo nikakumbuka kwamba mgodini kwao simu zinaachwa getini, na zamu yake inatoka jioni. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa kumwomba. Nikatuma wa pili, huo haukuwa wa kumwomba. Wa tatu nilikuwa nimeshafura:

"Aruna, ulienda kusoma Dodoma miaka yote ile, ukarudi kufungia batu inje ya mashine zao. Kama mwaka wangu unapotea, usipite tena ku kwetu. Hata salamu yako siitaki."

Nikasikia sauti ya ujumbe kuondoka. Sikujuta. Wakati huo sikuwa na nafasi ya kujuta.

Yasmine alifika mbio baada ya mimi kumpigia. Alimwomba kwa simu dereva mmoja wa baba yao, aitwaye mzee Hamadi, aliyekuwa akishusha mzigo Fungurume, apite getini amwitishe Aruna. Dereva akapita. Walinzi wakamwambia anayetaka kuitiwa mtu kutoka ndani aandike maombi ofisini, na mwenye kupokea maombi ametoka kwenda kula. Tukangoja. Dereva akapiga tena kusema mwenye ofisi hajarudi na yeye hawezi kuliacha gari barabarani. Nikamwambia Yasmine tunapoteza muda. Nikachukua mashine, tukapanda pikipiki moja, tukaenda kwa Tshiamala.

Tshiamala ana duka la kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Ni mtu mzima, mpole, anayejiamini kupita kiasi, na nusu ya mji imewahi kumlilia mezani pake. Jenereta yake ilikuwa ikinguruma mlangoni. Alichomeka flashi yake ya kuponyea, akaangalia, akagonga meza kwa kalamu.

"Mama Mushiya, disque haina ugonjwa. Inafungwa tu. Bitu byako biko mule bizima, lakini bila phrase, mi siwezi, na hata ule aliyeifunga hawezi."

Nikampa phrase. Akaiandika yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, mara mbili. Ikamkataa naye. Nilijisikia vibaya zaidi, maana mpaka hapo nilikuwa bado nadhani kosa ni langu mimi.

Ndipo alipotoa shauri lake. Alisema ataifuta disque, ataweka mfumo mpya, kisha ataleta programu yake ya kufufua mafaili, ile iliyowafufulia watu picha za harusi na za mazishi. Saa nane haijafika, alisema, utakuwa na kazi yako. Alisema kwa utulivu kama fundi anayekuambia atabadilisha tairi. Nami nilitaka kumwamini, jamani, nilitaka kumwamini kwa moyo wangu wote.

Yasmine akanivuta pembeni. Akanikumbusha maneno ya kaka yake, kwamba disque yenye kufuli ukiifuta hakuna programu wala fundi atakayerudisha kitu, utafufua vumbi tu. Nilikuwa nimeyasikia mimi mwenyewe hayo maneno. Lakini Aruna hakuwepo, na Tshiamala alikuwepo. Nikamwambia Yasmine kwamba kungoja mpaka jioni ni kupoteza mwaka kwa hakika, na kufuta ni kuupoteza labda. Akasema labda hiyo haipo. Nikamwambia jambo ambalo mpaka leo likinijia linaniuma: kwamba kwao wana magari na duka, yeye hajui maana ya kungoja nafasi moja ya kazi. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama barabarani.

"Fanya," nikamwambia Tshiamala.

Flashi yake nayo ilikuwa na Linux. Windows ingechukua muda mrefu kuiweka, na muda ndio tuliokuwa hatuna. Mfumo ukaanza kumwuliza maswali yake. Lugha: Kifaransa. Kisha akajaribu kuandika kitu, akaguna, kila akigusa A kioo kinaleta Q. Flashi ilikuwa imeanza na mpangilio wa herufi wa Kiingereza, si ule wa Kifaransa ulio kwenye mashine zetu zote. Akafungua orodha ya mipangilio ili achague wa kwetu. Orodha ndefu, ya nchi zote. Akaitelemsha kwa kasi, akaupita Ufaransa, akaipita Kongo, akafika chini mbali. Hapo akacheka.

"Ona, hata Kiswahili kiko mule. Ya Kenya. Ya Tanzania. Ya shiye hakuna. Shiye balitupatia Kifaransa tu."

Akapandisha juu, akachagua Kifaransa cha Kongo, akabonyeza kuendelea. Kioo kikauliza kama anataka kufuta disque nzima. Chini ya swali kulikuwa na kitufe kimoja. Kidole cha Tshiamala kikakifuata.

Mimi nilikuwa bado kwenye orodha. Sijui kwa nini. Akili yangu ilikuwa imekwama kwenye yale maneno mawili, ya Tanzania, kama uzi uliokwama kwenye msumari. Ya Tanzania. Kwani wao wana Kiswahili chao na herufi zao? Kisha nikakumbuka Aruna alisomea wapi.

"Toa mukono, tata," nikasema. "Usifinye."

Alinitazama kwa mshangao, lakini mkono akautoa. Nikamwomba Yasmine anionyeshe ujumbe wowote wa kaka yake, wa kuandikwa, si wa sauti. Bado alikuwa amenikasirikia, ila alinipa simu. Ujumbe wa mwisho Aruna alimwandikia hivi: Mwambie baba mtu wa mizigo atafika kesho, watoto wasicheze karibu na gari. Nikausoma mara mbili. Ukimkuta Aruna barandani kwao anasema kama sisi wote: mutu, batoto, motokari. Lakini hakuna mutu pale kwenye kioo, wala batoto. Kuna mtu. Kuna watoto. Kinywa chake ni cha Kolwezi, ila akishika herufi anaandika alivyofundishwa Dodoma, pengine hata mwenyewe haoni tofauti.

Nikamweleza Tshiamala. Akakunja uso, akasema u moja na b moja haziwezi kuwa ndizo zilizonisumbua tangu asubuhi. Nikamwambia mtu angenielewa, mashine hainielewi. Nikachomoa flashi yake bila ruhusa, nikaizima mashine, nikaiwasha. Kioo cheusi. Mstari ule ule. Nikaisugua mikono kwenye kitenge, nikaanza upya: m, t, u, n, i, w, a, t, u.

Nikabonyeza. Ikafikiri. Ilifikiri muda mrefu kuliko mara zote zilizopita, jenereta ikinguruma. Nikafumba macho. Yasmine ndiye aliyesema, "Mushiya, angalia." Kioo kilikuwa na picha ya mama yangu, ile ninayoiweka nyuma ya kila kitu, na pembeni faili zangu zote zilizopangwa jinsi nilivyoziacha.

Nililia palepale, mbele ya wateja, na sikuona haya. Yasmine alinishika bega. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la magari na duka, akasema nikalipe kwanza pikipiki kisha ndiyo tuzungumze msamaha. Tshiamala akasogeza kiti chake, akaanza kunisaidia kugeuza travail iwe PDF na kuichapisha kwa mashine yake, na alipomaliza akakataa kupokea chochote. Alikuwa na jasho usoni. Nadhani yeye naye alikuwa bado anakiona kile kitufe.

Njiani sikumwachia dereva wa pikipiki nafasi ya kupumua. Malori ya kobalti yalikuwa yamejipanga mpaka kwenye mzunguko, tukapita katikati yao, karatasi zikiwa ndani ya blauzi yangu zisipate vumbi. Katika chuo, mama Beya wa secrétariat alikuwa ameshafunga dirisha moja na anashika la pili. Aliniangalia kuanzia viatu, vyekundu kwa udongo, mpaka nywele. Akauliza kama huu ndio wakati wa mtu mwenye akili kuleta travail. Nikamwambia hapana, mama. Akazipokea, akagonga muhuri, akaandika tarehe. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi.

Aruna alipiga jioni, jua likiwa bado halijazama. Nilikuwa nasonga bukari, mkono mmoja kwenye mwiko. Nilijua ameshazisikiliza sauti zangu zote tatu. Hakuzitaja. Aliuliza tu kama imefunguka. Nikamwambia imefunguka, nimetoa, muhuri umegongwa. Nikamsikia akishusha pumzi ndefu, na nyuma yake watu wa zamu wakipanda basi.

Ningeweza kuomba msamaha hapo. Badala yake hasira ilirudi, ile ya kuponea chupuchupu. Nikamwuliza ni mchezo gani huo wa kuniambia mutu ni batu na kumbe ameandika kingine. Kwa nini hakuniambia alivyoandika? Nilitaka ajitetee, tugombane kidogo, tumalize.

Nikasikia akisogea mbali na watu wa basi.

"Nilitaka kukuambia vile niliandika," akasema. "Nilifungula kinywa. Kisha nikakumbuka ile siku nilirudi kutoka Dodoma, nilisalimia kwenu na Kiswahili ya kule, ukacheka mpaka ukashika kiti, ukaniita Bwana Redio. Batu bote balikuwaka banacheka, haikuniumaka. Ya kwako iliniuma. Ni ile siku niliiacha."

Nilikuwa nimeisahau siku hiyo kabisa. Kwangu ulikuwa mzaha wa mchana mmoja, nikaendelea na maisha yangu. Hatimaye nikamwambia aiseme sasa, ile ya kufungulia, aiseme kwa namna yake, sitacheka.

"Haiko tena mu kinywa, Mushiya," akasema taratibu. "Inabakiaka tu mu bidole."

Basi lao likaanza kuondoka, akasema tutaonana Jumapili, simu ikakatika. Bukari ilikuwa imeanza kuungua chini. Niliiepua, nikaiweka sakafuni, nikabaki nimesimama pale na mwiko mkononi.